Vifaranga Wanalia Usiku: Tafuta Baridi Inakoingilia

Kifaranga akitotolewa huwa amevaa malaika tu, manyoya laini yasiyozuia baridi. Mwili wake bado hauwezi kujitengenezea joto la kutosha, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo, na huku kwetu Njombe hata zaidi, anaishi kwa joto la kupewa. Mtetea angempa chini ya mbawa. Ukiwalea bila mtetea, mbawa hizo ni zako, na usiku ndipo zinapohitajika hasa.

Namwandikia anayelea vifaranga 20 hadi 100 ndani ya nyumba: chumba cha nyuma, stoo, kona ya jikoni. Ninafikiria mahali penye baridi ya kweli, Njombe na Makete, Mbulu, Lushoto, au ng'ambo ya mpaka kule Kinangop na Limuru, maana maelekezo mengi tunayopewa yanafaa zaidi sehemu za joto. Usiku wa Julai kule Tanga, chumba chenyewe kina nyuzi ishirini na kitu kabla hujawasha chochote. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nje panaweza kushuka hadi nyuzi 5, na chumba kisicho na dari kikabaki na 10 au 12. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala. Hizo nyuzi 20 na zaidi zinazopungua unazijaza wewe, kuanzia magharibi hadi jua litoke.

Kabla ya kugusa chochote

Simama mlangoni usikilize. Vifaranga waliostarehe hutoa sauti ndogo ya chini, kama wanaongea wenyewe kwa wenyewe, kisha wananyamaza na kulala. Wanaoumia hulia "piyo, piyo" kali isiyokatika. Halafu angalia walivyojipanga. Kipimajoto ni kizuri, na ukiwa nacho kitundike usawa wa mgongo wa kifaranga, kama sentimita 5 juu ya maranda, si ukutani usawa wa macho yako. Lakini hata kipimajoto kikisema 33 na vifaranga wakarundikana, waamini vifaranga.

Kipimo cha tatu ni cha mkono. Mchukue mmoja, gusisha nyayo zake shavuni mwako. Zikiwa za baridi, sakafu inamnyonya joto, haijalishi balbu inawaka kiasi gani.

Wamerundikana katikati, chini ya joto, na wanalia

Joto halitoshi. Swali ni kwa nini, na mara nyingi jibu liko kwenye balbu.

Balbu za siku hizi, za LED na zile za kubana matumizi, hutoa mwanga bila joto la maana. Nimeitwa mara nyingi kuona bruda, yaani sehemu iliyozungushiwa na kupashwa joto ya kulelea vifaranga, inang'aa kama duka la simu huku vifaranga wanatetemeka. Shika mkono wako sentimita 20 chini ya balbu kwa dakika moja. Usiposikia joto la wazi, hiyo ni taa ya kusomea, haina faida hapa. Unachotaka ni balbu ya zamani ya waya, ya wati 100, au balbu ya infraredi ya kulelea vifaranga, ambayo nyingi ni za wati 250. Ya wati 250 ikiwaka saa 12 inakula uniti 3 za umeme kwa usiku mmoja. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuagiza vifaranga, si baada ya Luku kulia.

Balbu ikiwa ya kufaa, angalia urefu. Ya wati 250 huanzia kama sentimita 45 juu ya maranda. Ishushe au uipandishe kidogo kidogo, kila mara ukisubiri nusu saa uone vifaranga wanasemaje. Ifunge kwa mnyororo au waya wa chuma, usiiache ining'inie kwa waya wake wa umeme. Maranda makavu yanashika moto haraka, na hii ni nyumba yenye watu waliolala.

Cha tatu ni sakafu. Saruji ya Njombe mwezi wa saba ni kama jiwe la mtoni. Maranda ya sentimita 5 ndiyo kiwango cha chini. Mimi naweka 10, na chini yake natandaza maboksi yaliyofunguliwa au magunia makavu. Mipaini haijatuishia huku, na maranda yake mafundi seremala wengi wanayatoa kwa bei ndogo. Chukua maranda, acha unga wa msumeno: vifaranga wanaula, na vumbi lake linawaingia puani.

Kosa jingine ni kuwasha bruda wakati vifaranga wameshafika. Hewa itapata joto ndani ya nusu saa lakini maranda hayatapata. Wageni wa asubuhi, washa tangu jana yake usiku. Wakishuka kwenye basi baada ya safari ya usiku kucha wakakanyaga maranda ya baridi, umeshawapoteza baadhi yao, hata kama watakufa keshokutwa.

Wamerundikana upande mmoja, wameacha chanzo cha joto

Huo ni upepo. Vifaranga wanaukimbia, kwa hiyo mgongo wa lundo unakuonyesha unakotoka. Piga magoti, weka uso wako walipo wao. Utashangaa: chumba ambacho ukisimama kimetulia, huku chini kina kijito cha baridi kinachopita kutoka chini ya mlango hadi kwenye ufa wa dirisha.

Ziba chini kwa gunia lililoviringishwa au kitenge kikuukuu mlangoni, na zungushia bruda ukuta wa sentimita 45 hadi 60 kwa hadibodi, bati jepesi au maboksi. Ukuta huo uwe wa duara. Wengine huita kinengunengu, na umbo lake lina sababu: kona ni mtego, nitalieleza hilo mbele kidogo. Duara la kipenyo cha mita 1.5 linatosha vifaranga 80 hivi wiki ya kwanza, kisha unalitanua.

Huku ukiziba chini, acha juu wazi. Hewa ya moto yenye unyevu na harufu ya kinyesi inapanda, nayo inahitaji mahali pa kutokea, karibu na paa. Ukiziba juu na chini, kesho una vifaranga wenye macho ya machozi na maranda yaliyolowa, na maranda yaliyolowa yanarudisha baridi uliyoikimbia.

Wamekimbilia kingoni, midomo wazi, mbawa wameziachia

Joto limezidi. Hutokea hata Njombe, hasa mwenye nyumba akiingiwa na hofu akaongeza jiko la mkaa huku balbu inawaka. Kifaranga aliyezidiwa na joto anakauka maji mwilini, anaacha kula, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Pandisha balbu au ondoa jiko, uwape maji ya vuguvugu.

Hakikisha daima kuna sehemu ya moto na sehemu ya ubaridi kidogo ndani ya duara, ili kila mmoja ajichagulie. Ukipasha duara zima kwa usawa, umewanyima hiyo nafasi. Ukikuta wametawanyika ovyo, wengine wamelala, wengine wanakula, mmoja amenyoosha mguu na bawa, hapo usiguse kitu. Rudi ulale.

Saa nne usiku walikuwa wazima, asubuhi umeokota wafu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko wengi tunakopotezea.

Usiku mmoja wa Julai niliwaacha vifaranga 100 wa wiki ya kwanza wakiwa wametulia kabisa, jiko la mkaa limekolea pembeni mwa bruda. Alfajiri nilikuta 37 wamekufa, wote kwenye kona moja. Nilidhani ni ugonjwa. Nilipowageuza, wa chini walikuwa wamebapa, wamelowa, na waliokuwa juu yao walikuwa hai. Hawakuuawa na baridi yenyewe. Mkaa ulipofifia walikimbilia kona, wakapandana, na wa chini wakakosa hewa. Ningekuwa na bruda ya duara, nadhani ningezika watano.

Kwa hiyo wafu wa asubuhi uwasome kabla ya kuwatupa. Waliobapa katika lundo moja wamekosa hewa. Waliotawanyika, mmoja mmoja, wakavu, ni jambo jingine, na uwezekano wa ugonjwa unaongezeka. Waliolala karibu na chombo cha maji wakiwa wamelowa, wamezama au wameloa wakapoa; weka kokoto safi ndani ya chombo au tumia drinka ya vifaranga yenye mdomo mwembamba.

Saa mbaya ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Nje pako kwenye baridi kali kuliko wakati wote, mkaa wa jioni umekuwa majivu, umeme ukikatika hakuna wa kujua, na wewe uko kwenye usingizi mzito. Weka kengele ya simu saa nane na nusu, kabla joto halijashuka, si saa kumi na moja ukaenda kuhesabu hasara. Kwa siku saba za kwanza usiiruke hata mara moja. Wanaofuga kwa nyumba ya watu wazima wawili wapeane zamu.

Kama unategemea mkaa, aina yake ina maana. Mkaa wa muwati ni mzito na unadumu. Wa mipaini ni mwepesi, unawaka kwa fujo na kuisha. Ukishakolea, ufukie nusu kwa majivu, utatoa joto dogo kwa muda mrefu.

Kama unategemea umeme, usiuamini peke yake. Kwa vifaranga 50 nina madumu matatu ya lita 5. Nachemsha maji jioni na kuyahifadhi kwenye chupa za chai. Umeme ukikatika, nayapunguza makali kwa maji ya kawaida ili dumu lisijikunje, nafunga vifuniko sawasawa, nayavika vipande vya blanketi na kuyalaza katikati ya duara. Juu natandika gunia la katani, nikiacha mwanya kingoni. Vifaranga wanajibanza ubavuni mwa dumu kama kwa mama yao. Linatoa joto saa tatu nne, kisha unabadilisha. Hakuna moshi wala moto.

Na wasilale na njaa. Joto la mwili linatokana na chakula. Papasa kifuko cha chakula shingoni kabla hujalala: kiwe kimejaa, laini kama tambi zilizopikwa. Kikiwa kitupu, ama hawaoni chakula gizani, ama wanashindwa kutoka kwenye joto kwenda kula kwa sababu njiani pana baridi. Sogeza chakula na maji karibu, ukingoni mwa joto, si chini yake kabisa.

Kimya kimezidi, wamelegea, wanahema kwa shida

Kuna kimya cha kushiba na kimya cha sumu. Kama mna jiko la mkaa humo ndani na vifaranga wamelala ovyo, hawaitiki ukipiga mlango, na wewe mwenyewe kichwa kinaanza kugonga au unasikia kizunguzungu, fungua mlango na dirisha, toa jiko nje, watoe vifaranga, na wewe utoke. Baridi utaishughulikia baadaye.

Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kuwashia jiko nje hadi moshi uishe ni vizuri kwa macho, lakini hakuondoi gesi hiyo; mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa. Kila msimu wa baridi nyanda za juu tunasikia familia iliyolala na jiko ndani. Naomba hili lisichukuliwe kama tahadhari ya kawaida ya kuandika tu: mtu asilale chumba kimoja na vifaranga wanaopashwa kwa mkaa, hata mlango ukiwa umeachwa kidogo, hata kwa usiku mmoja. Na chumba chao kiwe na uwazi wa juu wa kudumu. Kama nyumba yako haina chumba cha namna hiyo, tumia madumu, au lea vifaranga wachache zaidi.

Wakiwa wanakohoa na macho yana machozi bila mkaa wowote ndani, nusa maranda ukiwa umeinama. Harufu ikikuchoma puani ni amonia. Toa sehemu zilizolowa, hasa kuzunguka maji, ongeza makavu. Maranda yakiwa na ukungu, yatoe yote: ukungu wake unaingia kwenye mapafu, na dawa ya kuutibu kwa vifaranga haipo ya kutegemea.

Kinyesi kimeganda nyuma

Mara nyingi ni alama ya kifaranga aliyepigwa na baridi, au aliyezidiwa na joto, siku moja au mbili nyuma, pengine ndani ya boksi la safari. Kikiziba kabisa atakufa. Loweka kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu hadi kilainike, futa taratibu, usivute kwa nguvu maana ngozi itachanika. Mkaushe kabisa kabla ya kumrudisha. Ukiwa nao wengi kwa pamoja, usiishie kufuta. Rudi kwenye joto la bruda.

Joto liko sawa, bado wanajikunyata

Umeangalia balbu, sakafu, upepo, duara, na nyayo zao ni za moto, lakini wamejikunja, mbawa zimelegea, macho nusu. Hapo acha kuongeza joto. Kifaranga mgonjwa naye husikia baridi, na mkaa zaidi hautamponya.

Umri unasaidia kukisia. Siku tano za kwanza, ukiona tumbo limevimba na kitovu kibichi chenye harufu, ni maambukizi ya kitovu, yaliyoanzia kwenye mashine ya kutotolea au mayai machafu. Mharo mweupe na vifo vinavyopanda katika wiki mbili tatu za mwanzo unaweza kuwa puloramu, ambayo hutoka kwa kuku mzazi kupitia yai. Kuhara damu kuanzia kama wiki ya tatu, hasa kwenye maranda yenye unyevu, hiyo inafanana na koksidiosisi. Yote haya ni ya kumwita afisa mifugo wa kata, ukiwa na mfu mmoja wa asubuhi hiyo ndani ya mfuko, mbichi, wa kupasuliwa. Antibayotiki ya kubahatisha kutoka duka la pembejeo itakula fedha na kuficha alama.

Mmoja amepoa, amelegea, lakini anapumua

Usimtupe. Mweke kwenye boksi dogo lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, au kifuani ndani ya koti lako. Apate joto polepole, dakika 20 hadi 40. Usimmiminie maji mdomoni akiwa hajaweza kuinua kichwa, yataingia kwenye mapafu. Akishasimama, chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji ya uvuguvugu yenye glukosi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Wengi huamka. Wakae pembeni hadi kesho yake, maana wenzao huwakanyaga.

Lini uzime

Kanuni ya kawaida ni kupunguza nyuzi 3 hivi kila wiki: wiki ya pili 29 hadi 32, ya tatu 26 hadi 29, ya nne 23 hadi 26. Watu wengi huzima wiki ya tatu kwa kuangalia kalenda, na Pwani wanaweza kuwa sahihi. Huku mimi naangalia manyoya. Mbawa huota mapema na kutudanganya. Mgeuze kifaranga, angalia kifua na mgongo. Kama bado kuna malaika, mchana zima, usiku washa. Vifaranga wangu wa Juni, wa mbegu za Kuroiler na Sasso, huwa wanapata joto la usiku hadi wiki ya tano, wa Novemba wanaacha wiki ya tatu na nusu. Siku ya kwanza ya kuzima, iwe usiku usio na mvua, na kengele ya saa nane na nusu iwekwe tena.